Gari Lililovuja Kwenye Majani Chai

Silikoni inanuka siki. Kama hujui, subiri siku fundi atakapokuja kuziba sinki yako. Wangu alikuja wiki iliyopita, hapa mjini Kisii ninakopanga, akakata ncha ya ile tyubu, na kabla hajaikamua harufu ilikuwa imejaa jikoni. Niliacha kukata sukuma wiki nikakaa kwenye kiti. Fundi wa watu akadhani nimezidiwa, akafungua dirisha na kuniomba msamaha. Sikumweleza kitu. Fundi analipwa kwa saa, lakini ninyi mna nafasi, kwa hiyo nitawaambia.

Nilikuwa darasa la nne Baba Mdogo Ombati aliporudi nyumbani na gari la kulala. Kwetu ni juu kidogo ya Kebirigo, kwenye majani chai, mahali ambapo mvua haihitaji kualikwa. Ombati alikuwa ndugu wa pekee wa baba yangu, na miaka mingi alikuwa Nakuru akiendesha watalii. Kampuni ilipokufa, mwenye kampuni hakuwa na mishahara ya kulipa, akawaambia wafanyakazi wachukue walichoweza. Wengine walipata viti, mwingine friji. Baba Mdogo akapata gari zima, refu na jeupe, lenye kitanda, sinki, jiko la gesi na makabati ya kubanwa ukutani, yale magari ambayo Wazungu hulala ndani wakizunguka nchi. Watoto tulilikimbilia hadi barabarani. Watu wazima walibaki kwenye nyua zao wakiliangalia.

Msinielewe vibaya, Baba Mdogo alipendwa. Ila alipendwa kwa tahadhari, kwa sababu kila alichowahi kupewa alikiuza. Aliuza baiskeli ya babu. Aliuza ng'ombe aliyewekewa kwa ajili ya mahari, na mahari ikabidi itafutwe upya, na hata hivyo mke aliyemwoa alirudi kwao kabla hawajapata mtoto. Aliwahi kuanza kujenga nyumba pale nyumbani, ikafika kwenye mabati, kisha siku moja akaja na lori akayang'oa mabati akaenda nayo. Kuta za udongo zilinyeshewa zikaanguka. Kwa hiyo alikuwa mtu mzima mwenye mvi asiye na nyumba kwao, na kwa sisi Abagusii hilo si jambo la kusema kwa sauti mbele ya wageni.

Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu ambacho hakijauzwa, nacho ni shamba. Babu alipogawa, sehemu ya chini ilikuwa ya Baba, na ya juu, ile inayogusa barabara, ikawa ya Baba Mdogo. Kwa kuwa yeye hakuwepo, sisi ndio tuliochuma majani chai ya huku na ya kule. Kaka yangu alikuwa sekondari kwa pesa za majani ya kule juu, na mimi nilikuwa kwenye foleni nyuma yake. Sasa mwenye shamba amerudi. Baba alikuwa na swali moja, na nyumba yetu yote ililala nalo na kuamka nalo: je, atauza?

Jambo la kwanza lilikuwa baya. Hakuliingiza gari uani. Alilisimamisha kule juu, kwenye pembe ya sehemu yake, akang'oa mashina machache ya chai ili lipate mahali pa kukaa.

"Mtu anayerudi nyumbani huja nyumbani," Baba alisema wakati wa chakula. "Huyu amesimama barabarani."

"Labda lango letu ni jembamba," Mama akasema.

"Limepita barabara yote kutoka Nakuru, lishindwe na lango langu?"

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli, mtu asiyeweza kukudhulumu hata ndizi moja. Lakini alikuwa na kipaji cha kushuku. Ukimsalimia kwa furaha, atajiuliza unataka nini. Ukimsalimia kwa unyonge, atajiuliza umefanya nini.

Nyanya yangu, Magokoro, ndiye aliyempikia Baba Mdogo, na mimi ndiye niliyepeleka chakula. Kila jioni nilipanda na chungu kidogo cha wimbi au viazi, na kila niliporudi Baba alikuwa ameketi kizingitini akijifanya anachonga mpini wa jembe. "Anafanya nini huko?" aliniuliza bila kuinua uso.

Mwanzoni jibu lilikuwa rahisi: ananyeshewa. Gari lile lilikuwa limevuja tangu Nakuru, na mvua ya kwetu ilimaliza kazi. Ukifungua mlango ulipokewa na harufu ya mbao zilizooza, harufu nzito yenye utamu mbaya, kama ya ndizi zilizosahaulika ndani ya gunia. Ukuta wa nyuma, chini ya dirisha, ulikuwa umefura tumbo. Nilipoubonyeza, kidole changu kiliingia na hakikurudi na kitu ila maji meusi. Sakafu karibu na gurudumu ilinesa. Baba Mdogo aliichoma kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini, akacheka.

"Mtoto wangu," akasema, "hapa ninalala juu ya uji."

Nikadhani atahamia kwetu. Hakuhama. Akaanza kulitengeneza.

Sijui kama mmewahi kuona gari la namna hiyo likivuliwa. Nje ni bati la aluminiamu, ndani ni plaiwudi nyembamba iliyopakwa rangi ya maziwa, na katikati ni fito za mbao zenye vipande vyeupe vya sponji ngumu ya kuzuia baridi. Alitoa kitanda, akatoa makabati, akabandua plaiwudi kwa patasi taratibu. Fito za nyuma zilikuwa zimebaki umbo tu. Ukizishika zinabomoka mkononi. Vitu hivyo vyote alivirundika nje, na wapita njia wakawa wanapunguza mwendo. Mwanamke mmoja wa jirani alitazama ile sponji nyeupe, akamwuliza Magokoro kwa sauti ya chini imefichwa ukutani na nani, na kwa ajili ya nani. Magokoro alimwambia imefichwa na Wajerumani walioliunda gari, kwa ajili ya baridi. Yule mama alivuka upande wa pili wa barabara hata hivyo.

Kosa lake la kwanza Baba Mdogo lilikuwa haraka. Aliona doa chini ya dirisha la nyuma, akaziba dirisha, akaweka fito mpya na plaiwudi mpya, akapaka rangi. Mvua ikaja alasiri ileile, na doa likarudi palepale limenuna. Siku iliyofuata aliniingiza ndani, akapanda juu ya paa na ndoo, akawa anamwaga maji kidogo kidogo, kutoka nyuma kwenda mbele, mimi nikiwa na kazi ya kupiga kelele nikiona tone. Nilisubiri hadi nikachoka. Alipofika mbele kabisa, kwenye kifuniko cha kupitishia hewa, tone likatokea nyuma, chini ya dirisha. Maji yalikuwa yakisafiri gari zima ndani ya dari. Nilipiga kelele hadi nikakohoa.

Hapo ndipo silikoni ilipoingia maishani mwangu. Alikwangua gundi yote ya zamani kuzunguka kile kifuniko, akakausha kwa kitambaa, akakamua nyeupe mpya kwa mstari mmoja bila kuinua mkono, akaulainisha kwa kidole alichochovya kwenye maji ya sabuni. Kisha akangoja mvua. Ilipita usiku, ikapita tena, na ukuta ukabaki mkavu. Ndipo akabandua kazi yake mwenyewe ya awali na kuanza upya kwa mbao za saiprasi zilizokauka.

"Ananunua mbao," nilimwambia Baba jioni hiyo.

Kisu kikasimama kwenye mpini. "Mama yake hajanunuliwa hata sukari, na yeye ananunua mbao. Analitengeneza ili aondoke nalo. Na ataondoka na nini kingine?"

Mama akasema huenda anataka mahali pakavu pa kulala tu. Baba akamwangalia kwa huruma, jinsi mtu anavyomwangalia anayeamini kila tangazo la redio.

Halafu zikaja safari za Kisii. Mara kwa mara Baba Mdogo alivaa koti, akaenda Kisii asubuhi na kurudi jioni mikono mitupu, uso umempauka. Siku hizo hakugusa chakula nilichompelekea, alijilaza tu kwenye sakafu ile nusu mpya, nusu mbovu, akaniambia nimsalimie mama yake. Nilipomweleza Baba, alisimama kabisa. Mtu huenda Kisii akarudi na mkate, au na misumari, au na umbea. Anayerudi na mikono mitupu na uso mweupe ametoka kwa wakili. Ndivyo Baba alivyosema, na mimi, naapa, nilimwamini. Nilianza kumwona Baba Mdogo kama mtu anayeninyang'anya sare za sekondari nikiwa sijazivaa.

Kila alichofanya tangu hapo kilituthibitishia. Alipanua mlango. Mlango wa gari lile ulikuwa mwembamba, mtu mnene aliingia kwa ubavu, lakini Baba Mdogo alikata bati, akaweka fremu mpya ya mbao, akatia milango miwili ya mbao ya kufunguka huku na huku. Baba akasema ni wa kupakia mizigo. Ombati ataanza kubeba ndizi, na shamba ndilo litanunua mafuta. Wiki chache baadaye akayatoa magurudumu, akalikalisha gari juu ya matofali na mawe. Mama akafurahi, akasema sasa basi, haendi popote. Baba akasema ni wazi kwamba anaanza kuuza vipande, ameanza na magurudumu, atamalizia na ardhi. Ilifika mahali ambapo hata kama Baba Mdogo angekuja kanisani na kutoa ushuhuda, Baba angetafuta wakili chini ya benchi.

Magokoro peke yake ndiye aliyekuwa hasemi. Alikaa jikoni kwake akipepeta wimbi, na Baba alipoanza hotuba zake aliinuka akaenda kuangalia kuku.

Mwisho Baba alichoka kuuliza mtoto. Alasiri moja mvua ikiwa inakuja kutoka upande wa Manga, alinyakua mwavuli akapanda juu, na mimi nyuma yake na chungu changu. Tulimkuta Baba Mdogo amepiga magoti, anahangaika na plaiwudi kubwa ya sakafu, ile nene ya mwisho. Chini alikuwa amepaka lami, inang'aa. Ubao ulikuwa mkubwa kwa mtu mmoja, na nikaona jinsi mikono yake ilivyokuwa imekonda, mikono iliyokuwa ikinirusha juu nikiwa mdogo.

"Bwairire," Baba akasema, kwa ukali kuliko salamu inavyostahili.

"Bwairire, ndugu yangu. Shika hapo."

Baba alishika. Angefanya nini? Ubao ulikuwa unateleza. Akashika upande mmoja, akasogeza, akapiga goti na suruali yake nzuri, na kabla hajajua alikuwa amepewa bisibisi. Mvua ikatua juu ya paa kwa nguvu hivi kwamba hakuna aliyeweza kuzungumza. Walifunga skrubu kutoka pembeni kuja katikati, mmoja huku, mwingine kule, na nilishangaa kuona kwamba walitoa ulimi nje kwa namna moja walipokuwa wakikaza. Hakuna hata tone lililoingia. Nilipenda kukaa pale. Nasema wazi, nilitamani mvua isikatike.

Ilikatika. Baba akapangusa magoti, akauliza bila kumtazama, "Ombati, shamba utauza?"

"Hapana."

Tukateremka. Nilikuwa mwepesi, nikirukaruka madimbwi. Baba alitembea hadi langoni, akasimama.

"Umesikia alivyojibu?" akaniuliza. "Haraka mno."

Baba Mdogo alifariki kabla shule hazijafungwa. Magokoro ndiye aliyempata, asubuhi, alipompelekea uji kwa sababu mimi nilikuwa shuleni. Alikuwa amelala juu ya sakafu mpya, si kitandani. Nilipofika nyumbani watu walikuwa wamejaa, na Magokoro alikuwa amemshika Baba mkono kama anayemvusha mto. Alimwambia mbele ya wote. Ombati alirudi akiwa anaumwa, alijua ugonjwa wake na alijua hautapona. Kule Kisii alikuwa akienda hospitali.

"Alinikataza kukwambia," Magokoro akasema. "Alisema ukijua utamchukua kwako, na hakutaka kufia nyumbani mwa kaka yake kama mtu aliyekosa mahali."

Nililia kwa sauti, nikamkasirikia Magokoro, nikamkasirikia Baba, nikamkasirikia hata yule mama wa sponji.

Wazee wa ukoo walipokuja ndipo tatizo lilipotokea. Kwetu mwanamume huzikwa kutoka nyumbani kwake. Mwili hulala nyumbani kwake, na kaburi huchimbwa upande wa kulia wa nyumba yake. Asiye na nyumba hujengewa kibanda cha haraka, fito na mabati ya kuazima, aingizwe humo na kutolewa, na kila anayekiona anajua marehemu hakuacha kitu duniani. Mzee mmoja, mkubwa wao, alikuwa tayari ametuma vijana wakate fito. Mwingine akasema nyumba si ile pale juu? Yule mkubwa akasema ile ni gari. Wakapanda wote kwenda kuitazama. Waliizunguka. Walibishana kama kitu chenye usukani kinaweza kuitwa nyumba ya mwanamume. Walibishana upande wa kulia ni upi, kwa sababu mlango uko ubavuni. Mmoja akasema kulia ni upande wa dereva, sheria ya Kenya iko wazi. Watu walicheka, msiba ukiwa msiba.

Baba alikuwa amesimama nje wakati wote huo. Mimi nilimwogopa. Nilijua jinsi anavyopima mambo, na nilijua akisema neno moja tu, kibanda kitajengwa. Akafungua ile milango miwili, akaingia. Tulimwona kupitia madirisha akitembea na kidole ukutani, anabonyeza hapa, anabonyeza pale, chini ya dirisha la nyuma, kwenye pembe zote, juu kwenye kifuniko. Alinusa. Alipiga sakafu kwa kisigino, sehemu baada ya sehemu, jinsi mnunuzi mbishi anavyokagua. Kisha akasimama mlangoni.

"Haivuji," akasema.

Yule mkubwa akauliza ana maana gani.

"Nyumba yangu mimi inavuja jikoni. Yako, mzee, inavuja sebuleni, nimekaa humo nikanyeshewa. Hii haivuji popote. Na sakafu hii nimeikaza skrubu kwa mkono wangu. Ndugu yangu ana nyumba." Akaongeza polepole, "Waambieni vijana waache fito."

Jeneza liliingia kwa ile milango miwili likiwa limelala sawa, bila kuinamishwa, na likatoka hivyo hivyo. Kulia kukaamuliwa na Magokoro, aliyesimama mlangoni akatazama nje na kunyoosha mkono. Mkono wake ulielekea kwenye majani chai, si mbali na barabara, na hapo ndipo walipochimba.

Mngedhani hadithi inaishia hapo. Hata mimi nilidhani. Lakini mwaka uliofuata, tukiwa tunachuma kule juu, Baba, Mama na mimi, gari dogo lilisimama. Dalali mmoja wa Kisii alishuka na mteja aliyevaa viatu visivyofaa matope. Alisalimia kwa heshima. Akasema amekuwa akizungumza na Bwana Ombati kuhusu kipande hiki cha barabarani, tangu Bwana Ombati akiwa Nakuru. Walikuwa wameelewana karibu kila kitu, halafu simu yake ikawa haipatikani. Je, yupo?

Baba alinyoosha mkono kwenye kaburi.

Yule mteja alitazama kaburi, akatazama barabara, akarudi kwenye gari na kufunga mlango. Dalali akatoa pole, ya kweli nadhani, akamfuata. Kwetu hakuna anayenunua shamba lenye kaburi la mwenyewe mbele ya barabara. Atalipiaje mahali ambapo mtu bado yupo kwake?

Baba alisimama na kikapu mgongoni hadi vumbi likatua.

"Nilisema," akamwambia Mama. "Nilisema tangu mwanzo kuna mnunuzi."

Halafu akalia, katikati ya majani chai, kwa sauti, mwanamume ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ya mazishi. Sikuelewa. Nilikuwa mtoto, nilidhani mtu akigundua kwamba alikuwa sahihi anafurahi. Nimekuwa mtu mzima, nimesoma kwa majani ya shamba lile hadi chuo, ndipo nimeelewa alichokiona Baba pale. Wote tulimshuku Baba Mdogo, na yeye alikuwa amejishuku kabla yetu. Alijua akibaki na pumzi, siku moja atauza. Kwa hiyo akaziba nyumba yake, akapanua mlango, akajiweka mahali ambapo hata yeye mwenyewe hangeweza tena kuuza.